Msafara Uliosimama Kumsubiri Dereva

Kijiwe chenyewe hakina makuu. Ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, kiti cha plastiki ambacho mguu wake ulivunjika ukafungwa kwa waya, na meza ndogo ambapo Mama Flaski huweka chupa yake kubwa ya kahawa na beseni la kusuuzia vikombe. Kinyozi hukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wake, akiwa hana kichwa cha kunyoa, na mara nyingi hana. Katikati hukaa Fundi Viatu, sindano mdomoni, kiatu cha mtu magotini. Hapo hupatikana majibu ya kila jambo: kwa nini mvua imechelewa, kwa nini bei ya sukari haishuki, kwa nini fulani ameota upara na ndugu yake hajaota. Hakuna anayeombwa ushahidi. Siku Dereva aliporudi kijiweni baada ya kulazwa hospitali, akijikongoja na fimbo, mdomo umepinda kidogo upande wa kulia, jambo lililokuwa likitafutiwa majibu lilikuwa yeye mwenyewe.

Walimpokea vizuri mno. Kinyozi alimtolea nje kiti chake cha kunyolea, kile cha kuzunguka, ambacho hakijawahi kumkalisha asiyelipa. Mama Flaski alimjazia kikombe nusu tu kisimmwagikie. Fundi Viatu aliichukua ile fimbo, akaipindua, akatikisa kichwa kwa ubaya wa mpira wake wa chini, akaanza kuutafutia mwingine bila kuambiwa. Kila mmoja akatoa pole yake, na pole zilipokwisha wakaendelea kubishana juu yake kana kwamba hayupo.

Dereva hakuwalaumu. Tangu augue, maneno yalikuwa yakimjia moja moja, kama abiria wenye mizigo wanaoshuka kupitia mlango mwembamba. Mpaka apange sentensi moja ikatoka nzima, kijiwe kilikuwa kimeshamaliza mada mbili na kuanza ya tatu.

Kwa hiyo alikunywa kahawa yake kwa mkono wa kushoto, akawasikiliza. Kuwasikiliza alikuzoea. Hilo wao walilijua kwa kuchelewa.

Maisha yake karibu yote alikuwa ameendesha lori la saruji. Alikuwa akiondoka nyumbani kwa siku nyingi, akirudi na vumbi jeupe kwenye kope, na mkewe alikuwa mtu wa kumsubiri macho. Hata akifika saa mbaya, angekuta taa inawaka na mwanamke amekaa kwenye mkeka anashona pindo la nguo isiyokuwa na haraka yoyote. Kisha Dereva akastaafu, mgongo umekataa, na miaka michache baadaye mkewe akaugua, akafariki.

Baada ya mazishi Dereva alijaribu kurudi kijiweni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukuta ule ule, ukizunguka kona tu, na dirisha la chumba chake lilitazama benchi. Lakini kila alipotokea, kijiwe kilinyamaza. Kinyozi alipunguza redio. Fundi Viatu, mtu anayeweza kubishana na saa ya ukutani, alianza kuzungumza kwa sauti ya wodini. Walikuwa wanamheshimu, na heshima ile ilimkaa kifuani kama gunia. Alijiona yeye ndiye anayewaharibia watu kahawa. Akapunguza kuja, kisha akaacha kabisa.

Ila dirisha alikuwa analifungua. Aligundua kwamba wakiwa hawamwoni, wanabishana sawasawa. Basi alikuwa anavuta kiti, anaketi nyuma ya pazia, anasikiliza upara, sukari na mvua mpaka Mama Flaski anapokusanya vikombe. Kijiwe nacho kilisema mzee aachwe apumzike. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayepita kumjulia hali.

Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alipokuja likizo alimkuta amekonda, anazungumza na pazia. Alisafiri akarudi na mashine ya gemu iliyochokwa na wanawe, akaiunganisha kwenye televisheni, na usukani wa plastiki akaukaza mezani, mkono wa gia ubavuni mwake, na pedali tatu akazipanga sakafuni. Gemu yenyewe ilikuwa ya malori. Dereva alicheka kwa dharau. Mtu aliyeshusha saruji kwenye miteremko ya kutisha aje ashike usukani wa kitoto? Siku ya kwanza hakuugusa. Siku ya pili alikaa pembeni tu, akimtazama binti akicheza. Binti aliingia kwenye kona bila kupunguza gia. Baba mtu akavumilia. Kona ya pili vilevile. Kwenye kona ya tatu alimwambia, "Sogea huko, mwanangu, utaua watu," na tangu hapo usukani ukawa wake.

Binti aliporudi kazini alimwacha ameunganishwa kwenye intaneti, na kipaza sauti kidogo mezani, pamoja na watu wengine wanaocheza gemu hiyo hiyo. Mwanzoni alikuwa anaendesha peke yake, akiwapisha. Jioni moja alisimamisha lori lake kwenye kilele cha mlima, akawasha taa za tahadhari, akatazama barabara ya kwenye skrini ikishuka kati ya misitu. Msafara wa malori ukampita, na la mwisho likasimama ubavuni mwake. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye televisheni.

"Mzee, umekwama au umepumzika?"

Alifikiri kwanza. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa swali ambalo si pole.

"Nimepumzika," akajibu.

"Basi na tupumzike wote," ile sauti ikawaambia wenzake, na malori yote yakarudi, yakaegesha mfululizo juu ya mlima, taa zikimwekamweka.

Huyo alikuwa Muuguzi. Alifanya kazi katika hospitali fulani mjini kwao, na akitoka zamu alikuwa haendi kulala mpaka aendeshe kidogo, maana, alisema, humo ndani hakuna anayemwita. Pamoja naye alikuwa Mama Pacha, aliyecheza wanawe wakiwa wamelala, kwa hiyo alizungumza kwa kunong'ona daima, na wengine kadhaa waliokuja na kuondoka. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Walimbatiza Dereva jina la Mzee Breki, kwa sababu alianza kupunguza mwendo kabla kona haijaonekana. Walimcheka wiki nzima. Kisha wakagundua kwamba anayemfuata Mzee Breki haanguki bondeni, wakamweka mbele ya msafara.

Ndani ya yale malori walizungumza kuliko walivyoendesha. Wenzake walisimulia habari za kazini na za ndoa zao. Yeye aliona hana jipya la kusimulia, mpaka jioni moja akawaambia alichosikia dirishani: kwamba Kinyozi amegundua upara huletwa na kulala umeelekeza kichwa dirishani, na Fundi Viatu amempinga kwamba chanzo ni viatu vya kubana, damu hairudi juu. Mama Pacha alicheka akasahau kunong'ona, akaliingiza lori lake mtoni, na pacha wote wawili wakaamka. Kuanzia siku hiyo msafara haukuondoka kituoni mpaka Mzee Breki asome taarifa ya kijiwe. Walimjua Mama Flaski anavyowakata watu kauli kwa kugonga kijiko. Walijua sindano ya Fundi Viatu inakaa upande gani wa mdomo.

Ni humo pia alimomtaja mkewe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa inanyesha kwenye gemu, barabara ndefu. Alisema tu kwamba zamani, akifika nyumbani, alikuwa anakuta taa inawaka. Hakuna aliyeharakisha kumpa pole. Vipangusa mvua viliendelea kwenda na kurudi. Kisha Muuguzi akauliza kama marehemu alikuwa anamsubiri macho. Akasema ndiyo. Muuguzi akasema basi kuanzia leo hakuna wa kuzima mashine mpaka kila mmoja aseme amefika. Na ikawa hivyo. Kila safari ilipokwisha, sauti zilipishana: nimefika, nimefika, nimefika. Dereva alikuwa akilala vizuri baada ya hapo.

Sauti za televisheni zilipoanza kukwaruza, wale watu wakachangishana wakamnunulia hedfoni. Hakuwa na simu wakati huo, yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo alipoombwa namba ya kupokelea mzigo alisoma ile iliyochorwa kwenye ubao wa kinyozi, aliyoiona dirishani kila siku. Kinyozi alipokea kifurushi chenye jina halisi la jirani yake, akakiweka kwa upole chini ya dirisha lake asimsumbue, na hakulifikiria tena jambo hilo.

Sasa ile jioni yenyewe. Jua lilikuwa bado halijazama. Dereva alikuwa ameongoza msafara nusu ya njia aliposikia mkono wa kulia unakuwa mzito, kama si wake. Alitaka kuwaambia wenzake anaegesha kidogo. Alichokisikia kikitoka kinywani mwake kilikuwa tope. Alijaribu tena, tope lile lile. Aliligeuza lori pembeni ya barabara kwa mkono wa kushoto, akalisimamisha vizuri kama alivyofanya maisha yake yote, kisha kiti kikamkimbia na sakafu ikaja.

Hedfoni zilianguka karibu na sikio lake. Alilala ubavu akizisikia sauti zikitoka humo, ndogo lakini safi. Mama Pacha alimwita. Muuguzi alimwomba ataje jina lake. Alilitaja, na hata yeye hakulitambua.

"Hicho ni kiharusi," Muuguzi aliwaambia wenzake, taratibu, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. "Msafara usimame hapo hapo. Hakuna kuzima. Mama Pacha, zungumza naye, usiache."

Mama Pacha akazungumza. Alimweleza meno ya pacha yalivyoota, la huyu na la yule, na hasira za kila mmoja. Dereva hakuweza kujibu, lakini aliyafuata yale meno moja baada ya jingine, maana aliona akiyaacha ataondoka.

Halafu, kupitia dirishani, alisikia simu ya Kinyozi ikilia.

Alisikia Kinyozi akisema hapana, hapa hakuna Mzee Breki, umekosea namba. Alisikia benchi likiulizana Breki ni nani. Simu ikalia tena. Kinyozi alisikiliza kidogo zaidi, kisha akasema kwamba mbinu hiyo ya kumwambia mtu jirani yake anakufa anaifahamu, wamtafute mjinga mwingine, akakata. Fundi Viatu akampongeza. Dereva alikuwa sakafuni, ukuta mmoja tu kati yao, anawasikia mpaka vijiko, na hakuwa na sauti ya kuwaita. Alijaribu kugonga ukuta kwa kisigino. Kisigino hakikufika.

Simu ikalia mara ya tatu. Safari hii hakumsikia Kinyozi akisema lolote. Baadaye aliambiwa kilichosemwa. Muuguzi hakumtaja Mzee Breki tena. Alisema: "Wewe ndiye Kinyozi. Unasema upara huletwa na kulala umeelekeza kichwa dirishani. Kulia kwako amekaa mtu mwenye sindano mdomoni. Nyuma ya ukuta mliouegemea kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mzee aliyekuwa dereva wa saruji, aliyefiwa na mke. Anawasikiliza kila siku. Yuko chini, hawezi kusema. Nenda."

Benchi lilianguka, alilisikia. Kisha miguu ikikimbia kuzunguka kona. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, Fundi Viatu akalivunja komeo kwa nyundo yake ya kupigia soli. Kinyozi aliingia na simu sikioni, uso umebadilika rangi, akitii kila alichoambiwa: asimpe maji, amlaze ubavu, asingoje mtu, hospitali sasa hivi. Mama Flaski alisimama katikati ya barabara na beseni lake mpaka gari likasimama, beseni limepasuka. Lilikuwa limebeba magodoro mapya. Dereva alipelekwa hospitali juu ya magodoro matano yenye nailoni, Kinyozi amemshika mkono mbovu, Muuguzi bado yuko simuni. Daktari aliwaambia waliwahi. Wangechelewa zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na yalikuwa wazi kabisa. Lakini kijiwe hakikuwahi kuridhishwa na jambo lililo wazi.

– Mimi nawaambia, Fundi Viatu alisema siku ile Dereva aliporudi, ile mashine ina jicho. Mtu akianguka, jicho linaona, linapeleka habari makao makuu.

– Makao makuu ya nani? Mama Flaski akauliza.

– Ya gemu.

– Sio jicho, Kinyozi akasema. Ni ule usukani. Ukiushika unakupima mapigo ya moyo. Ndiyo maana wanawapa wazee bure.

– Huyu alipewa na mwanawe.

– Na mwanawe alipewa na nani?

Dereva aliweka kikombe chini, akafungua kinywa.

– Ni wa… ni wa…

– Ni wataalamu, Kinyozi akammalizia. Mnaona, hata yeye anajua. Ile sauti haikuwa ya mtu. Mtu gani anazungumza na wewe vizuri baada ya kumkatia simu mara mbili? Ile ni kompyuta imefundishwa adabu.

– Kompyuta inajua habari za sindano yangu? Fundi Viatu akauliza, akaigusa kwa wasiwasi.

– Inajua na ya upande gani.

– Ni wa… Dereva alijaribu tena.

– Wageni kutoka nje, Fundi Viatu akadakia. Hilo nalo limo.

Mama Flaski aligonga kikombe kwa kijiko. Alisema wao wahangaike na makompyuta yao, yeye anamjua aliyewatuma wale watu. Ni yule shoga yake aliyelala makaburini, aliyekuwa anamsubiri mumewe macho. Kaona hakuna wa kusubiri, katafuta watu. Dereva alitazama kahawa yake. Aliona nadharia hiyo ndiyo iliyo mbali zaidi na akili, na ndiyo pekee aliyotamani iwe kweli.

Alichotaka kusema kilikuwa neno moja, watu. Ni watu. Lakini mada ilikuwa imehamia kama kompyuta inaweza kuwa na kabila.

Wakati huo ndipo mwanamke mfupi mwenye begi la mgongoni alipokata kona, viatu vimejaa vumbi la safari. Akasalimu. Akauliza kwa Mzee Breki ni wapi.

Dereva aliijua ile sauti kabla hajainua macho. Alikuwa amemfikiria mrefu. Alikuwa amemwekea hata miwani. Alitaka kusimama, fimbo ikateleza, na mwanamke akawa ameshamfikia, amemshika bega.

Muuguzi alikaa benchini, akapewa kahawa, akawatazama mmoja mmoja huku akitabasamu kama mtu aliyerudi kijijini kwao. Alimwambia Fundi Viatu kwamba kumbe sindano ni kweli inakaa kushoto. Alimwomba Mama Flaski radhi kwa beseni lililopasuka siku ile barabarani. Kwa Kinyozi alinyoosha mkono, na Kinyozi akaushika muda mrefu, akiubonyeza kidogo, kama anayehakikisha ndani kuna mifupa.

Kisha akamgeukia Dereva, akamuuliza anaendeleaje.

Na akangoja. Hilo ndilo Dereva alilolikumbuka kuliko yote siku zilizofuata. Aliuliza, akaweka kikombe magotini, akangoja. Kinyozi alivuta pumzi kusaidia, Muuguzi akamtazama tu, Kinyozi akaitoa pumzi bila maneno. Kijiwe kizima kikangoja. Mtu mmoja alipita na mkokoteni wa kuni ukilia magurudumu, ukapotea huko mbele, bado wanangoja.

"Mkono," Dereva alisema, "bado… mzito. Lakini… kijiko… nashika."

"Hiyo ni habari kubwa," Muuguzi akasema. "Mama Pacha atafurahi."

Wakamuuliza Muuguzi maswali mengi, mengine ya kipuuzi. Aliwajibu yote. Alisema hakulala siku ile mpaka Kinyozi alipompigia kutoka hospitali, na malori yote yalibaki yameegeshwa kwenye ile barabara, mengine wenyewe wamesinzia vitini na taa zinawaka. Alisema amechukua likizo yake fupi aje amwone, maana kumwuguza mtu kwa simu ni kazi nusu. Kisha, akipuliza kahawa, akauliza jambo lililomjia tu, bila nia mbaya yoyote:

"Yeye alikuwa anatusimulia habari zenu kila siku. Hivi kati yenu, nani alikuwa wa mwisho kuingia ndani kwake kumwamkia?"

Fundi Viatu alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mama Flaski. Mama Flaski alikuwa ameanza kumtazama Fundi Viatu. Macho yalizunguka hivyo na hakuna pa kutua. Kijiwe ambacho hakijawahi kukosa jibu la upara wala la mvua kilikaa kimya, na Kinyozi akaanza kufuta mashine yake ya kunyolea, ambayo haikuwa chafu. Muuguzi aliona, akajuta kuuliza. Alitaka kubadilisha mazungumzo.

Dereva akainua mkono mzima, wa kushoto, kuomba nafasi. Safari hii alipewa yote.

"Mlango… nilifunga mimi," alisema. Alipumzika. "Nyinyi… mkauvunja." Akapumzika tena, muda mrefu zaidi, na hakuna aliyemmalizia. "Nashukuru… kote. Huku… na kule. Ni… watu tu. Wote… ni watu."

Fundi Viatu alitoa sindano mdomoni. Hakuna aliyewahi kumwona akiitoa kabla ya magharibi. Alisema neno lililosikika kama tusamehe, akamrudishia fimbo yake, mpira mpya umegandishwa chini.

Mama Flaski aliinamisha chupa kuongeza vikombe, yakatoka matone mawili na mashapo. Kahawa imekwisha. Kwa kawaida hapo ndipo watu hujinyoosha, hukung'uta suruali na kutawanyika. Siku hiyo hakuna aliyenyanyuka. Mama Flaski, akitazama beseni, aliuliza kama wale wenzao wa barabarani huanza saa ngapi. Muuguzi akasema ndio hivi wanaanza, leo Mama Pacha anaongoza.

"Twendeni… ndani," Dereva akasema.

Waliingia wote. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kilivyoonekana siku ile walipoingia kwa nyundo. Mama Flaski alifungua pazia kwanza, akasimama akilitazama benchi lao kutoka upande ule, akatingisha kichwa, akaenda kutafuta birika. Muuguzi aliwasha mashine. Dereva alikaa mbele ya usukani, akaushika kwa mkono wa kushoto, na Muuguzi akachukua gia. Mguu wa kulia ulikuwa haujawa na nguvu za kukanyaga, basi Fundi Viatu akapiga magoti chini ya meza, akaishika pedali ya mafuta kwa viganja viwili. Alisema miguu ni kazi yake, wamwachie.

"Taratibu," Dereva akamwambia.

"Nakanyaga yai," sauti ya Fundi Viatu ikajibu kutoka chini.

Lori lilikuwa pale pale lilipoegeshwa, pembeni ya barabara, limenyooka. Liliunguruma, likajikokota, likaingia lami. Mbele yao, kwenye mteremko, malori yalikuwa yamepangwa yanangoja, na yalipoliona yakaanza kupiga honi, moja, kisha yote, mpaka vikombe vya Mama Flaski vikatetemeka kwenye sinia. Dereva alicheka kwa ule mdomo uliopinda. Machozi yalimtoka upande mmoja tu, hakuyafuta, mkono ulikuwa na kazi.

Kinyozi peke yake alikuwa bado mlangoni, mikono kifuani, akiitazama televisheni kama anavyomtazama mteja aliyekuja kutaka mtindo ambao yeye haujui.

Honi zilipotulia, sauti ya kunong'ona ikatoka kwenye spika. Mama Pacha alimkaribisha Mzee Breki. Alimsalimu Mama Flaski na Fundi Viatu alipoambiwa wapo. Kisha akauliza:

"Na Kinyozi, yupo?"

Wote wakageuka kumtazama. Kinyozi alitazama skrini, akamtazama Dereva, akatazama tena skrini, akitafuta mahali pa kuelekeza uso. Mwishowe aliingia, akavuta ndoo iliyokuwa kando ya mlango, akaigeuza, akaketi karibu kabisa na spika.

"Nipo, dada," alisema. "Nipo hapa. Mnanisikia vizuri?"